Ukaguzi wa kitaalamu wa vipuri katika mgogoro wa mauziano

Ukaguzi wa kitaalamu wa vipuri ni uchunguzi unaofanywa na mtu mwenye ujuzi maalumu, asiye upande wa muuzaji wala wa mnunuzi, ili kujua kama sehemu za mashine zilizouzwa zinalingana na mkataba. Kama zina kasoro, uchunguzi hutafuta pia kasoro hiyo imetoka wapi. Vipuri vinavyohusika ni kama vile beringi, gia, shafti, pistoni, vali, pampu, kompresa na boliti.

Ukaguzi huu ni tofauti na ule wa kila siku wa kiwandani. Mkaguzi wa kiwandani hufanya kazi kwa niaba ya mwajiri wake na hukagua bidhaa kabla ya ugomvi wowote. Mtaalamu wa mgogoro huitwa wakati pande mbili tayari hazielewani, na matokeo yake husomwa na watu wasiomwamini mwenzao: muuzaji, mnunuzi, mawakili, kampuni ya bima, msuluhishi au hakimu.

Umuhimu wake unatokana na ukubwa wa hasara. Beringi ya bei ndogo ikivunjika inaweza kusimamisha kinu kizima cha kukoboa mpunga katikati ya msimu wa mavuno. Kwa upande mwingine, muuzaji mwaminifu anaweza kudaiwa mali nyingi kwa kosa la fundi aliyefunga kipuri kwa nyundo badala ya kifaa chake. Kwa macho matupu, hali hizi mbili mara nyingi hufanana: kipuri kimevunjika na mashine imesimama.

Maswali ya msingi

Kila mgogoro wa aina hii una maswali matatu, na ni vizuri kuyatenganisha.

1. Je, kipuri kiko namna gani? Hili ni swali la vipimo: urefu, kipenyo, ugumu, aina ya chuma, nyufa, uwezo wa kufanya kazi.

2. Je, kilipaswa kuwa namna gani? Hili ni swali la mkataba, mchoro, sampuli au kiwango kilichokubaliwa.

3. Je, tofauti ilianza lini na wapi: kiwandani, safarini, ghalani, wakati wa kufunga au wakati wa kutumia?

Mtaalamu hujibu swali la kwanza na la tatu. Swali la pili hujibiwa na maandishi ya wahusika wenyewe. Swali la nne, yaani nani alipe, si la mtaalamu kabisa. Ni la mahakama au msuluhishi. Taarifa nyingi za ukaguzi hukataliwa au kupungua nguvu kwa sababu ya kuchanganya maswali haya.

Historia

Zamani kila kipuri kilitengenezwa kwa ajili ya mashine moja tu. Fundi alikipiga tupa mpaka kikaingia mahali pake. Katika hali hiyo hakukuwa na maana kubwa ya kuuliza kama kipuri "kinalingana na kipimo", kwa kuwa kipimo kilikuwa mashine yenyewe. Mambo yalibadilika katika karne ya 18 na ya 19, viwanda vilipoanza kutengeneza vipuri vinavyoweza kubadilishana. Mwaka 1841 mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mfumo mmoja wa nyuzi za skrubu kwa nchi nzima. Tangu hapo mnunuzi aliweza kuagiza kipuri kutoka mbali kwa kutaja namba tu, na pia aliweza kulalamika kwa kutaja namba.

Kampuni za ukaguzi zisizo za muuzaji wala mnunuzi zilianza na mambo mengine. Bureau Veritas ilianzishwa mwaka 1828 mjini Antwerp kwa ajili ya kutoa habari za hali ya meli kwa wenye bima. SGS ilianza mwaka 1878 mjini Rouen, Ufaransa, kwa kukagua shehena za nafaka. Baadaye kampuni za namna hii zilipanua kazi hadi mashine na vipuri. Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilianzishwa mwaka 1947, na viwango vyake vya vipimo, sampuli na maabara ndivyo vinavyotumika zaidi leo.

Katika Umoja wa Kisovyeti utaratibu uliandikwa na serikali. Maagizo yaliyojulikana kama P-7, ya mwaka 1966, yalieleza jinsi ya kupokea bidhaa kwa upande wa ubora. Mnunuzi aliyegundua kasoro alitakiwa kusimamisha mapokezi, kuitenga bidhaa isichanganyike na nyingine, na kumwita mwakilishi wa muuzaji ili waandike hati pamoja. Mawazo hayo matatu, yaani kusimamisha, kutenga na kuita, bado ni msingi wa ukaguzi mzuri popote pale.

Ubora hupimwa kwa mkataba

Hakuna kipuri kilicho "bora" au "kibovu" bila kulinganishwa na jambo lililokubaliwa. Gia ya chuma laini inaweza kufaa kabisa kwa mashine ndogo ya mkono na isifae kwa trekta. Ndiyo maana mtaalamu huanza kazi kwa kusoma karatasi kabla ya kushika kipuri.

Maandishi anayoyatafuta ni haya: mkataba au oda, mchoro wenye vipimo na viasi vya tofauti vinavyoruhusiwa, namba ya kiwango kilichotajwa, cheti cha madini kutoka kwa mtengenezaji, sampuli iliyokubaliwa, na mawasiliano ya wahusika kuhusu matumizi ya kipuri.

Kama mkataba haukusema kitu, sheria hujaza nafasi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 ya mauzo ya bidhaa iliweka masharti yasiyohitaji kuandikwa: bidhaa ilingane na maelezo yake, ilingane na sampuli kama imeuzwa kwa sampuli, iwe na ubora unaokubalika sokoni, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Sheria hiyo ilikuwa mfano wa sheria za nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, zikiwemo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya (Sura ya 31) na ile ya Tanzania (Sura ya 214).

Kwa biashara ya kimataifa kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Mikataba ya Mauzo ya Kimataifa ya Bidhaa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Ibara yake ya 35 ina masharti yanayofanana na hayo, na inaongeza kwamba bidhaa ifungashwe ipasavyo. Uganda, Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimejiunga na mkataba huo. Kenya na Tanzania hazimo.

Muda wa kukagua na kutoa taarifa

Mnunuzi mwenye haki anaweza kushindwa kwa sababu ya kuchelewa. Chini ya Mkataba wa Vienna, ibara ya 38 inamtaka mnunuzi akague bidhaa katika muda mfupi kadiri hali inavyoruhusu. Ibara ya 39 inamtaka amjulishe muuzaji aina ya kasoro katika muda unaofaa tangu alipoigundua au alipopaswa kuigundua. Kwa vyovyote haki hiyo hupotea baada ya miaka 2 tangu bidhaa ilipokabidhiwa, isipokuwa muda huo haulingani na udhamini uliomo katika mkataba. Hata hivyo, ibara ya 40 inamnyima muuzaji kinga hiyo kama alijua kasoro, au hakuweza kutoijua, na hakumwambia mnunuzi.

Hapa inafaa kutofautisha kasoro ya wazi na kasoro iliyojificha. Kutu, ufa mkubwa, au idadi pungufu huonekana siku ya kufungua sanduku. Chuma kisichopitishwa vizuri katika moto ili kiwe kigumu hakionekani. Hujitokeza baada ya wiki au miezi ya kazi. Kwa kasoro iliyojificha, tarehe ambayo mnunuzi alianza kuitambua ni jambo la kuthibitishwa, na daftari la matengenezo la mashine huwa ushahidi muhimu.

Taarifa kwa muuzaji haitakiwi kuwa ya jumla. Maneno kama "mzigo wenu ni mbovu" hayatoshi. Ni bora kuandika: "Tumefungua masanduku 4 kati ya 20, shafti 11 kati ya 40 zina kipenyo kinachozidi mchoro, tumezitenga, tunaomba mtume mwakilishi."

Hatua za ukaguzi

Kuhifadhi vielelezo

Kipuri kinachobishaniwa ni kielelezo. Hakisafishwi, hakipigwi msasa, wala hakifunguliwi kabla ya kupigwa picha. Namba zake, alama za mtengenezaji, hali ya kifungashio na mahali kilipokutwa huandikwa. Kila anayekipokea na kukikabidhi hutia sahihi na tarehe. Kama mlolongo huo umekatika, upande wa pili utauliza swali rahisi ambalo ni gumu kujibu: mna hakika gani kwamba hiki ndicho kipuri tulichowauzia?

Kwa kipuri kilichovunjika, nyuso mbili za mvunjiko hazirudishwi pamoja ili "kuona kama zinakutana". Kufanya hivyo huharibu alama ndogo zinazoeleza jinsi mvunjiko ulivyotokea. Mafuta au grisi iliyobaki huchukuliwa katika chupa safi, kwa kuwa inaweza kuonyesha mchanga, maji au vumbi la chuma.

Kumwita upande wa pili

Ukaguzi uliofanywa na upande mmoja peke yake si batili, lakini ni rahisi kuupinga. Ni desturi nzuri kumpa mwenzako notisi ya maandishi yenye tarehe, mahali na vipimo vitakavyofanyika. Asipokuja bila sababu, hilo nalo huandikwa.

Jambo hili lina uzito zaidi pale kipimo kinapoharibu kipuri, kama vile kukata kipande ili kukitazama kwa hadubini au kukivuta mpaka kikatike. Kipimo cha namna hiyo hakirudiwi. Kwa hiyo hufanywa kwa ridhaa ya pande zote au kwa amri ya mahakama. Sehemu nyingine ya kipuri, au sampuli ya akiba iliyotiwa lakiri, hubaki kwa ajili ya ukaguzi wa pili.

Kuchagua sampuli

Shehena kubwa haikaguliwi yote. Kiwango cha ISO 2859-1 kinatoa majedwali ya ukubwa wa sampuli. Kwa mfano, kwa fungu la vipuri 1,000, kwa kiwango cha kawaida cha ukaguzi, hukaguliwa vipuri 80. Kama wahusika walikubaliana kikomo cha ubora cha asilimia 1.0, fungu hukubaliwa kasoro zikiwa 2 au pungufu, na hukataliwa zikifika 3.

Mambo mawili husahauliwa mara kwa mara. Kwanza, vipuri huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka masanduku yote. Mnunuzi akichagua vile tu vinavyoonekana vibaya, hesabu yote haina maana. Pili, kikomo hicho lazima kiwe kimekubaliwa. Mtaalamu hana ruhusa ya kuingiza asilimia katika mkataba ambao haukuitaja.

Kupima vipimo

Vifaa vya kawaida ni vernia kalipa, mikromita, saa ya kupimia, vipimo vya tundu na mashine ya kupimia yenye mihimili mitatu. Kila kifaa kiwe kimehakikiwa katika maabara inayotambulika, na cheti chake kiambatishwe kwenye taarifa.

Joto ni adui anayesahaulika. Kwa makubaliano ya kimataifa, vipimo vya urefu hutajwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Tuseme shafti ya kipenyo cha milimita 100 inaruhusiwa kuwa kati ya 99.978 na 100.000. Kipenyo chake halisi ni 99.992, kwa hiyo ni nzuri. Imetolewa kwenye kontena lililokaa juani, ina joto la nyuzi 32, na inapimwa mara moja kwa kifaa kilichotoka chumba chenye nyuzi 20. Itasomeka takriban 100.006. Shafti nzuri imeonekana mbaya, na tofauti hiyo ya milimita 0.014 ni zaidi ya nusu ya nafasi yote iliyoruhusiwa. Dawa yake ni kuacha kipuri na kifaa vikae pamoja kwa saa kadhaa mpaka joto lao lilingane, na kuandika joto hilo katika taarifa.

Kupima chuma na nyufa

Aina ya chuma hujulikana kwa spektromita, kifaa kinachochoma sehemu ndogo ya uso na kusoma mwanga unaotoka. Ugumu hupimwa kwa kukandamiza mpira mdogo au ncha ngumu juu ya chuma na kupima alama inayobaki. Njia zinazotumika zaidi ni ile ya Brinell, iliyoanza Uswidi mwaka 1900, pamoja na za Rockwell na Vickers. Ni lazima kutaja njia iliyotumika, kwa kuwa namba 60 ya njia moja haina maana sawa na 60 ya njia nyingine.

Nyufa hutafutwa bila kuharibu kipuri: kwa rangi inayopenya ufa na kuonekana baada ya uso kufutwa, kwa unga wa chuma unaokusanyika penye ufa wakati kipuri kimetiwa sumaku, kwa mawimbi ya sauti isiyosikika, au kwa eksirei.

Kutafuta chanzo

Mara nyingi hili ndilo swali gumu zaidi. Metali iliyochoka, yaani iliyovunjika polepole kwa kubeba mzigo unaokuja na kuondoka mara nyingi sana, huacha mistari inayofanana na ile ambayo maji huacha mchangani ufukweni. Mistari hiyo huelekeza mahali ufa ulipoanzia. Kama ulianzia kwenye takataka iliyokuwa ndani ya chuma, kidole huelekea kwa mtengenezaji. Kama ulianzia kwenye mkwaruzo wa koleo, huelekea kwa fundi. Kipuri kilichovunjika ghafla kwa kuzidiwa mzigo hakina mistari hiyo.

Beringi nayo husimulia. Mashimo yenye umbali sawa na ule wa goli zake yanaweza kutokana na kugongwa wakati wa kufungwa. Lakini alama zinazofanana na hizo hutokea pia beringi isiyozunguka inapotikiswa kwa muda mrefu, kwa mfano melini au kwenye lori. Mtaalamu makini huzitofautisha kwa hadubini: katika kugongwa, mistari ya mashine ya kusugulia bado huonekana ndani ya shimo, katika mtikisiko, imelika. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuhamisha lawama kutoka kwa fundi hadi kwa msafirishaji au mfungashaji.

Kisheria, muuzaji huwajibika kwa kasoro iliyokuwepo wakati hatari ilipohamia kwa mnunuzi, hata kama ilionekana baadaye. Kwa hiyo masharti ya usafirishaji yaliyoandikwa katika mkataba husomwa pamoja na matokeo ya maabara.

Shaka ya kipimo

Hakuna kipimo kisicho na shaka. Kifaa, joto, mkono wa mpimaji na uso wa kipuri vyote huchangia. Mtaalamu mwaminifu huandika kipimo pamoja na kiasi cha shaka yake.

Kiwango cha ISO 14253-1 kinaeleza shaka hiyo imwangukie nani. Kanuni yake ya msingi ni kwamba shaka humwangukia yule anayetaka kuthibitisha. Tuseme tundu la gia linaruhusiwa kuwa kati ya milimita 50.000 na 50.025, na shaka ya kipimo ni 0.003. Kwa hesabu rahisi, muuzaji anayetaka kuthibitisha kwamba tundu ni sahihi anahitaji kipimo kati ya 50.003 na 50.022. Mnunuzi anayetaka kuthibitisha kwamba tundu ni kubwa mno anahitaji kipimo kinachozidi 50.028. Kipimo cha 50.027 kimezidi mchoro, lakini hakimthibitishii mnunuzi madai yake.

Kutokana na kanuni hii, kifaa bora huwasaidia wote wawili. Kadiri shaka inavyopungua, ndivyo eneo lisilo na jibu linavyokuwa dogo.

Taarifa ya mtaalamu

Taarifa nzuri huwa na mambo yafuatayo:

- nani aliyeagiza ukaguzi, maswali aliyouliza na nyaraka alizotoa;
- mahali, tarehe na majina ya waliohudhuria;
- maelezo ya vipuri, namba zake na jinsi sampuli zilivyochaguliwa;
- vifaa, njia na viwango vilivyotumika;
- vipimo vyenyewe, si muhtasari tu, pamoja na shaka yake;
- picha;
- hitimisho kwa kila swali, na sababu zake;
- mambo ambayo hayakuweza kuchunguzwa.

Kipengele cha mwisho huonekana kama udhaifu, lakini kwa kawaida huongeza kuaminika kwa taarifa. Mtaalamu anayesema "sikupewa mafuta yaliyokuwa ndani ya gia, kwa hiyo siwezi kusema kama yalikuwa machafu" ni vigumu kushambuliwa kuliko anayejibu kila kitu.

Mtaalamu mbele ya mahakama

Katika sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, ambazo chimbuko lake ni sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872, shahidi wa kawaida husimulia aliyoyaona, bali mtaalamu huruhusiwa kutoa maoni katika fani yake. Hata hivyo maoni hayo hayamfungi hakimu. Hakimu huyapima kwa sababu zilizotolewa na kwa ushahidi mwingine.

Mwaka 1993, katika kesi ya meli Ikarian Reefer, mahakama ya Uingereza ilieleza wajibu wa mtaalamu kwa maneno ambayo yamefuatwa katika nchi nyingi. Maoni yake yawe huru na yasipindwe na haja za kesi. Ataje mambo yote aliyoyategemea, bila kuacha yale yanayopinga hitimisho lake. Aseme wazi swali linapokuwa nje ya ujuzi wake. Akibadili maoni, aujulishe upande wa pili bila kuchelewa.

Aliyelipa ada ya mtaalamu si lazima awe ndiye aliyepata maoni anayoyapenda. Kwa sababu hiyo baadhi ya mikataba huweka kifungu kinachotaja mapema taasisi moja ya ukaguzi ambayo pande zote zitakubali matokeo yake.

Mfano: kesi ya kompresa za Rotorex

Kesi inayojulikana sana ni ile ya Delchi Carrier dhidi ya Rotorex. Delchi, kampuni ya Italia, ilitengeneza viyoyozi vya kuhamishika vilivyoitwa Ariele. Mwezi Januari 1988 Rotorex, kampuni ya Marekani, ilikubali kuiuzia kompresa 10,800. Kabla ya hapo Rotorex ilikuwa imetoa kompresa ya sampuli pamoja na maelezo ya maandishi ya uwezo wake.

Shehena ya kwanza ilisafirishwa kwa meli mwezi Machi, na ya pili mwezi Mei. Ya pili ikiwa bado baharini, Delchi ilikagua ya kwanza na kuona kwamba asilimia 93 ya kompresa zilikataliwa. Zilipoza kidogo na kutumia umeme mwingi kuliko sampuli na maelezo. Majaribio ya kuzirekebisha hayakufanikiwa. Katika barua ya tarehe 17 Mei 1988, rais wa Rotorex alikubali kwamba kompresa hizo hazikufikia maelezo waliyotoa. Delchi iliomba kompresa nyingine, Rotorex ikakataa ikisema maelezo yale yalitumwa kwa bahati mbaya. Tarehe 23 Mei Delchi ilivunja mkataba.

Mahakama za Marekani ziliamua kwa kutumia Mkataba wa Vienna kwamba kasoro hiyo ilikuwa ya msingi, kwa kuwa uwezo wa kupoza na matumizi ya umeme ndivyo vinavyoipa kompresa thamani yake. Delchi ilipewa fidia ya zaidi ya dola milioni 1.2, ikiwemo faida iliyopotea, gharama za kujaribu kurekebisha na gharama za kuharakisha kompresa kutoka kampuni nyingine. Mahakama ya rufaa ilithibitisha sehemu kubwa ya hukumu hiyo mwezi Desemba 1995 na kuruhusu madai mengine ya gharama ambayo mahakama ya chini ilikuwa imeyakataa.

Kesi hiyo inaonyesha mambo yaliyoelezwa juu: kulikuwa na sampuli, kulikuwa na maelezo ya maandishi, ukaguzi ulifanyika mapema, matokeo yalikuwa ya namba, na muuzaji alipewa nafasi ya kurekebisha. Kwa sababu hiyo mabishano juu ya ubora yalikwisha mapema, na sehemu kubwa ya kesi ikahusu kiasi cha fidia.

Hali ya Afrika ya Mashariki

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) huhitaji bidhaa nyingi zinazoingizwa zikaguliwe katika nchi zinakotoka na kupewa cheti cha kulingana na viwango. Kenya ilianza utaratibu huo mwaka 2005 na Tanzania mwaka 2012. Wanunuzi wengine hudhani cheti hicho kinamaliza mgogoro. Sivyo. Cheti huonyesha kwamba bidhaa ilikidhi kiwango kinachotakiwa na serikali. Hakisemi kwamba inalingana na mchoro wa mnunuzi fulani, wala hakielezi hali yake baada ya safari.

Kwa mgogoro, mhusika anaweza kutafuta maabara za mashirika hayo, idara za uhandisi za vyuo vikuu au kampuni binafsi za ukaguzi. Maabara ya ugezi ya TBS huhakiki vifaa vya kupimia. Jambo la kuangalia ni ithibati: kiwango cha ISO/IEC 17025 ni kwa maabara, na ISO/IEC 17020 ni kwa taasisi za ukaguzi. Nchini Kenya ithibati hutolewa na KENAS, na Tanzania huhudumiwa na SADCAS. Ithibati hutaja vipimo maalumu. Maabara yenye ithibati ya kupima saruji haina kwa sababu hiyo ithibati ya kupima ugumu wa gia.

Gharama na mipaka

Ukaguzi wa kitaalamu una gharama, na kwa kipuri kimoja cha bei ndogo gharama hiyo inaweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe. Katika hali hiyo wahusika wengi huafikiana kubadilishana kipuri au kupunguza bei. Ukaguzi hufaa zaidi pale ambapo hasara iliyofuata ni kubwa, vipuri ni vingi, au kuna hatari kwa maisha ya watu.

Mnunuzi mdogo, kama mwenye karakana au kinu, hana uwezo wa kuajiri mtaalamu kila mara, lakini anaweza kulinda haki yake kwa mambo yasiyo na gharama kubwa: kuandika kwenye oda namba ya kipuri na kazi yake, kupiga picha wakati wa kufungua mzigo, kupima vipuri vichache kabla ya kuvifunga, kuandika tarehe ya kufunga na aina ya mafuta, kutunza kipuri kilichovunjika badala ya kukiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kumwandikia muuzaji mara moja. Mtaalamu anaweza kupima tu kile kilichotunzwa, na kukilinganisha tu na kile kilichoandikwa.